Biskuti za Tini za Mke wa Mwokaji

Mjini Rampur hakuna mwanamke mwenye akili zake anayempelekea mwokaji samli yake kisha akaenda zake. Humpelekea, halafu huketi. Ndiyo sababu Irshad Husain, mwenye tanuri mwisho wa uchochoro wa wahunzi wa visu, ameweka benchi. Ikifika Desemba, wanawake wa mtaa huja na unga wao, sukari yao na samli yao ndani ya kopo, wakaketi nyuma ya pazia la gunia tangu adhuhuri hadi alasiri, macho kwenye kopo, mpaka biskuti zao zitoke motoni.

Irshad huwapokea kwa bashasha. Huwaita dada, huwaulizia wagonjwa wao mmoja mmoja kwa majina. Na wakati dada anaeleza mgongo wa mumewe ulivyomlaza kitandani, kibakuli kidogo cha shaba hutoka chini ya meza, hupita kwenye kopo, na kurudi chini ya meza. Huo si wizi, mtu asije akasema. Irshad ni mtu wa kuswali safu ya kwanza. Hilo ni jasho la tanuri, kama alivyomweleza mtu mmoja tu aliyewahi kukiona hicho kibakuli, naye ni mkewe.

Mkewe anaitwa Nuzhat. Ana miaka arobaini na minane, na kwa miaka ishirini na saba amepika kwa samli ya mtaa mzima. Kwa kuonja tu alijua mchuzi wa leo umetokana na nani: samli ya mwalimu Anjum ilikuwa safi, ya Musarrat, mke wa mhunzi wa visu, ilikuwa na harufu ya moshi, na ya mke wa imamu, Mungu amsamehe, ilichanganywa na mafuta ya kopo. Hakusema kitu. Mke mwema hasemi, na Nuzhat alikuwa ameambiwa tangu siku ya harusi kwamba yeye ni mke mwema, hata akaanza kuamini.

Tuzo ya mke mwema wa mwokaji ni biskuti zilizovunjika. Nzima ni za wateja. Zilizomeguka pembe, zilizopasuka, zilizoshika chini, zote zilimfuata nyumbani kwenye karatasi, naye akazila na chai, vikombe vitano kwa siku, kwa miaka yote hiyo. Ukimuuliza biskuti nzima ya mumewe ina ladha gani, angekuambia amesikia inasifiwa.

Sasa, majira ya baridi yaliyopita, Nuzhat alianza kuwaka.

Halikuwa jambo la kufichika. Ukungu wa Januari umeshika mji, watu wamejifunika mifarishi ya pamba hadi puani, yeye anavua shali. Anaketi kukata vitunguu, mara joto linampanda kutoka kifuani hadi utosini, uso unaiva, shingo inalowa, kisha baridi inamvamia anatetemeka. Moyo unamwenda mbio bila kukimbizwa. Usingizi ulimhama kabisa. Na hasira! Alimrushia Irshad bakuli la dengu kwa sababu alitafuna kwa sauti. Kusema kweli alikuwa ametafuna hivyo hivyo tangu siku ya ndoa.

Lililowauma zaidi ni feni. Nuzhat aliwasha feni ya darini, namba tatu, katikati ya Januari. Irshad, ambaye mchana kutwa yuko mbele ya moto na kifua chake ni kibovu, alikohoa hadi majirani wakamletea tangawizi. Akazima. Akawasha. Akazima. Mwisho Nuzhat alihamishiwa kwenye chumba cha magunia ya unga, kisicho na feni wala dirisha, kwa ajili ya afya yake.

Mama mkwe, Bi Kaniz, alikuwa na jibu lake. Bi Kaniz ana miaka sabini na minne, hana jino hata moja, na hajawahi kukosea. Alisema ni moto wa damu. Kwao kila chakula kina tabia yake, kuna cha moto na kuna cha baridi, na mtu aliyeshikwa na moto hulishwa baridi mpaka uzimike. Basi Nuzhat akalishwa matango kwenye ukungu, akalishwa mtindi, akalishwa jamu ya maua ya waridi kijiko asubuhi kijiko jioni. Tende akakatazwa, tini akakatazwa, tangawizi, ufuta na mdalasini akakatazwa. Matokeo yake yalikuwa mazuri sana: aliwaka vilevile, na sasa tumbo nalo likamsokota.

Jumatatu, mbele ya sahani ya wali, Irshad alitangaza uamuzi. Hakumtazama mkewe alipokuwa akiutangaza.

"Tumeshauriana na mama. Ijumaa wifi yako Tahira atakuja kutoka Moradabad, akupeleke Bareilly kwa kaka yako. Ukapumzike."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Mpaka upoe."

Mtaani kwao neno hilo la kupumzika linajulikana. Mke wa fundi saa alipelekwa kupumzika kwa kaka yake mwaka juzi, na hadi leo anapumzika, kitandani kwake wameweka mashine ya kushonea. Hakuna anayekuacha. Hakuna anayekufukuza. Unapumzishwa tu, unakuwa mgeni kwa wifi asiyekutaka, unasubiri upoe. Nuzhat alimaliza kuosha vyombo, akaenda kwenye magunia yake, akalia hadi mtandio wake ukalowa, na safari hii halikuwa jasho.

Kesho yake alisema anakwenda kununua nyuzi, akaenda zahanati. Daktari Rastogi, mwanamke mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo peke yake lilitosha kumtoa Nuzhat machozi.

"Hedhi ilikuja mara ya mwisho lini?"

"Mwezi wa nane."

"Basi huna moto wa damu, wala hujapagawa. Unaelekea ukomo wa hedhi. Homoni zako zinapanda na kushuka, na mwili haujazoea. Wanawake wote hupita hapo wakijaliwa umri."

"Wote?"

"Mpaka mama mkwe wako."

Nuzhat alijaribu kumwona Bi Kaniz akivua shali, akashindwa.

Daktari akampima presha, akamwambia arudi baada ya mwezi, kwamba dawa zipo akizidiwa. Kisha akamuuliza anakula nini. Aliposikia habari za biskuti zilizovunjika na vikombe vitano vya chai, akavua miwani yote miwili.

"Hiyo sukari punguza. Chai nayo. Ukitaka cha kutafuna, tengeneza chako: tende na tini badala ya sukari, unga wa ngano usiokobolewa, mbegu za kitani, ufuta, viungo unavyovipenda. Si dawa, usije ukaniambia nimekudanganya. Ila ni chakula cha mtu anayejijali."

Chakula cha mtu anayejijali. Nuzhat aliyabeba maneno hayo hadi sokoni, na hakununua nyuzi.

Jiko la nyumbani lilikuwepo. Angeweza kuoka juu ya makaa kimyakimya, Bi Kaniz akishalala. Lakini alikuwa amechoka na kimyakimya. Alhamisi baada ya adhuhuri alijifunga baibui lake, akachukua kapu na kopo la samli, akazunguka nyumba, akaingia tanurini kwa mlango wa mbele. Mke wa mwokaji hupita mlango wa nyuma. Irshad alipomwona pazia likifunuka, alipauka kuliko unga.

"Mama Faraz? Kuna nini nyumbani? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuoka."

"Kuoka nini? Si ungeniambia nikuletee!"

"Ungeniletea zilizovunjika." Akaweka ujira wa kuoka mezani, kama mteja yeyote, akaenda benchini. "Dada zangu, sogeeni kidogo."

Benchini walikuwepo Musarrat na mwalimu Anjum, kila mmoja na kopo lake. Musarrat, ambaye ni mnene wa mwili na mnene wa sauti, alipiga kofi paja lake.

"Loo! Leo mke wa mwokaji naye analinda samli! Basi sisi wengine tumekwisha!"

Irshad alicheka kicheko kikavu. Akafungua kapu, akaanza kutoa kimoja kimoja, uso wake ukizidi kukunjamana.

"Sukari iko wapi?"

"Haimo."

"Unga mweupe?"

"Haumo."

"Mbegu za kitani! Mama Faraz, hii ni biskuti au ni chakula cha nyati wa maziwa aliyezaa?"

"Nyati akizaa huulizwa hali," alisema Nuzhat. "Mimi sijaulizwa."

Musarrat aliacha kucheka. Mwalimu Anjum, ambaye kwa kazi yake hapendi swali lipite bila jibu, aliinama mbele.

"Kweli, dada, hizi mbegu ni za nini?"

Hapo ndipo Nuzhat alipohisi joto linaanza kupanda, papo hapo, mbele za watu, kifuani, shingoni, masikioni. Angeweza kusema ni za nywele. Angeweza kusema ni za mbuzi. Akavua shali, akaiweka mapajani.

"Ni za homoni."

"Homoni ndiyo nini?" aliuliza Musarrat.

"Ndiyo hii unayoiona usoni mwangu. Hedhi inaaga, na haiondoki kwa heshima. Ndiyo inayokuvua shali kwenye ukungu."

"Na shingo inalowa?"

"Inalowa."

"Na unatamani kumpiga mtu kwa mchi bila sababu?"

"Sababu ipo. Lakini ndiyo."

Musarrat akaingiza mkono ndani ya kanzu yake, akavuta kamba, zikatoka hirizi tatu. "Mume wangu ananitembeza kwa masheikh tangu Muharram! Huyu wa tatu kasema nimekalia jini kwenye ngazi, limekasirika! Nimekwisha kuliomba radhi jini la watu!"

"Mimi," alisema mwalimu Anjum taratibu, "nimewaambia wanafunzi kitasa cha dirisha kimeharibika. Wiki ya tatu sasa tunasoma dirisha wazi. Watoto wana mafua wote."

Nyuma ya meza Irshad alikuwa amegeuka jiwe. Katika miaka thelathini ya kuulizia wagonjwa wa watu, hakuwahi kuletewa habari ya namna hii. Alitamani wamrudishie mgongo wa mtu fulani. Akaponda tende kwa nguvu zisizohitajika, akamwaga tini zilizolowekwa, akatia unga, mdalasini, iliki, tangawizi, na kwa kuwa akili yake ilikuwa imekimbia, mkono ukabaki peke yake na kazi uliyoizoea. Kibakuli cha shaba kikatoka chini ya meza. Kikaingia kwenye kopo la samli ya mkewe. Kikatoka kimejaa.

Nuzhat alimwona. Na Irshad aliona kwamba ameonwa.

Tangu hapo Nuzhat hakumtazama tena mumewe. Aliwageukia wenzake, akasema kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya kawaida:

"Mimi kesho nasafiri. Napelekwa Bareilly kwa kaka yangu, nikapumzike."

"Unarudi lini?" aliuliza Anjum.

"Hawajaniambia. Mpaka nipoe. Sasa kule sina kazi, dada, nitakuwa nakaa na wanawake tunaongea. Nina mazungumzo ya miaka ishirini na saba, hata sijui nianzie wapi. Musarrat, si una dada yako Bareilly?"

"Ninaye! Mlango wa pili kutoka kwa kaka yako!"

"Basi nitamtembelea kila siku. Nitamweleza mambo ya tanuri letu. Huwa napenda sana kueleza mambo ya samli."

Mwalimu Anjum alitazama kopo lake. Musarrat alitazama kopo lake. Kisha wote wawili wakamtazama Irshad, ambaye alikuwa amesimama na kibakuli mkononi, hana pa kukipeleka.

"Nilikuwa," alisema Irshad, "napima."

"Pima, Baba Faraz. Nani kakukataza?"

Akakigeuza kibakuli juu ya kopo. Akakiacha hivyo, kinachuruzika, mpaka tone la mwisho likaanguka, kisha akakipangusa kwa kidole na kidole nacho akakipangusa kwenye ukingo wa kopo. Hajawahi kurudisha samli ya mtu kwa uangalifu kiasi hicho, kwa sababu hajawahi kurudisha.

"Na nani aliyesema unakwenda Bareilly?" aliuliza, amekaza macho kwenye unga.

"Wewe. Jumatatu, unakula wali."

"Nilisema kama ungependa."

"Sipendi."

"Basi kama hupendi!" Akawageukia wale wawili, mikono imejaa tende, sauti imepanda. "Jamani, mtu akisema hapendi, mimi nitamlazimisha? Nimewahi kumlazimisha mtu mimi?"

"Mmesikia," Nuzhat aliwaambia wenzake.

"Tumesikia," alisema Musarrat, "na dada yangu naye atasikia."

Biskuti zilitoka zimeiva rangi ya ngozi ya kiatu, hazina umbo, hazina sura. Lakini harufu ya tini na mdalasini ilitoka nje hadi kwa wahunzi, na nyundo mbili tatu zikanyamaza. Irshad ana mapungufu yake, ila mbele ya tanuri hajui kudanganya. Alizigeuza sinia mara mbili, akaonja moja, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Iliki imezidi," alisema, akachukua ya pili.

Nne zilikuwa zimemeguka. Akazikusanya kwenye karatasi na kuzisukuma upande wa mkewe, hata hakufikiri. Nuzhat akazirudisha.

"Zako hizo. Mimi leo mteja."

Akabeba nzima zote kwenye kapu. Akala moja njiani, akitembea, jambo ambalo wanawake wa heshima hawalifanyi, na akasimama kwenye kona ya msikiti ili aimalize polepole. Alikuwa na miaka arobaini na minane na ndiyo kwanza anaiuma biskuti ambayo hakuna aliyeivunja kabla yake.

Lakini Irshad kumshinda si kazi. Nyumba ni ya Bi Kaniz.

Ijumaa, wifi Tahira alifika kutoka Moradabad na mkoba mapajani, riksha akaiacha mlangoni isubiri. Tahira ana miaka arobaini na mmoja na ni mtu wa kumaliza mambo. Irshad alichungulia kutoka uani, akasema kwa haraka kwamba safari imeahirishwa, tanuri lina kazi nyingi, akapotea.

"Imeahirishwa na nani?" aliuliza Tahira. "Mama, si ulinipigia simu mwenyewe?"

Bi Kaniz alikuwa kitandani kwake, miguu ndani ya mfarishi, anatazama sahani ambayo Nuzhat alikuwa ameiweka mbele yake pamoja na chai.

"Tende," alisema Bi Kaniz, akiinusa. "Tini. Tangawizi. Ufuta. Vyote moto. Unataka kujichoma mwenyewe ukiwa hai."

"Matango nimekula mwezi mzima, mama. Nimepoa?"

Nuzhat alikuwa tayari kwa vita. Usiku kucha alikuwa amejipangia maneno. Ila bibi kizee alichukua biskuti moja, akaichovya kwenye chai, akaisubiri ilainike, akaitia mdomoni. Akakaa nayo muda mrefu.

"Huyo daktari wako amesema inaitwaje?"

"Ukomo wa hedhi. Homoni zinapungua. Amesema wote hupita."

"Ina jina," alisema Bi Kaniz.

"Ina jina, mama."

"Mimi sikuambiwa kama ina jina." Akachovya tena. Chai ikamwagika kwenye mfarishi, wala hakujali. "Mimi ilinijia mapema, sijafika arobaini. Baba yao alinipeleka Shahjahanpur kwa kaka yangu. Misimu miwili ya baridi. Wakasema napumzika. Nilikuwa nalala jikoni kwa wifi yangu, nawaka, naomba Mungu anichukue. Niliporudi," akamwelekezea Tahira kidole, "huyu alikuwa na miaka minane. Alijificha nyuma ya mlango, akaniita shangazi."

Tahira alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.

"Mimi niliambiwa ulikwenda kumuuguza mjomba."

"Mjomba wako alikuwa mzima, anacheza karata kutwa."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nje dereva wa riksha alipiga honi. Akapiga tena. Tahira akainuka, akatoka, wakamsikia akimlipa na kumfukuza kwa ukali ambao yule maskini hakustahili, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu na miguu ya mama yake, akachukua biskuti akaishika tu bila kuila.

"Na wewe," Bi Kaniz alimwambia Nuzhat, "unarudi chumbani kwako leo. Washa hiyo feni yako, na hii yangu pia."

"Baridi, mama. Baba Faraz atakohoa."

"Akakohoe kwenye magunia. Ana kifua, hana homoni."

Basi Irshad Husain alimaliza majira yale ya baridi kwenye chumba cha unga, kwa ajili ya afya yake. Nasikia samli ya mtaa siku hizi inatosha, na biskuti za Musarrat zimekuwa laini mpaka mumewe anadhani ni kazi ya hirizi ya tatu.

Kuhusu zile za tini, nisiwadanganye. Daktari alisema si dawa, na hazikuwa dawa. Ijumaa ileile, chai haijapoa, joto lilimpanda Nuzhat tena kama kawaida yake, kifua, shingo, utosi. Akavua shali. Bi Kaniz, aliyejifunika hadi kidevuni chini ya feni yake, namba tatu, alimtazama.

"Limekuja?" aliuliza.

"Limekuja, mama."

Bi Kaniz akajisogeza ukutani, akampisha mahali pa kuketi.